Nyasi Zetu Zilifyekwa kwa Sababu ya Mgeni

Mpaka leo mtu akiniambia "mahali pawe safi" naangalia kwanza fyekeo liko wapi.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la majaribio nyuma ya mtaa wa New Site, hapa Juba. Ukipita pale ungedhani ni kiwanja kilichotupwa na mwenyewe, kwa sababu tulichopanda ni nyasi. Nepia, zile ndefu ambazo nilipokuwa nasoma sekondari Kenya watu walikatia ng'ombe. Sisi ng'ombe hatukuwa nao. Tulitaka nyasi zikauke zikiwa zimesimama, kisha zikatwe, zisagwe na kubanwa kuwa vitofali vya kuwashia jiko badala ya makaa. Upande mmoja wa shamba tulimwagilia maji, upande wa pili tulimwachia Mungu. Mwisho wa kiangazi tungevuna kila upande kivyake, tupime, tujue kama nyasi ambazo hazijanyweshwa zinatosha kupikia watu. Basi. Serikali ilikuwa inalipia swali moja tu.

Na swali hilo mimi nililitaka jibu lake. Nyumbani tunapika kwa makaa, mama mkwe wangu na mimi, mtoto akiwa mgongoni mwa yeyote aliye karibu na jiko. Malori ya makaa yanaenda mbali zaidi kila mwaka kutafuta miti. Mwanamke anayeniuzia ameacha kupima kwa debe, sasa anapima kwa mkebe, na ukiuliza anakuangalia kama umemtukana. Kila nikibeba maji kwenda shambani nilikuwa najiambia, vumilia, kiangazi kikiisha tutajua.

Tulipokaribia kuvuna, habari zikaja kwamba kamati ya serikali inayogawa pesa za utafiti haijaamua kama itatupa za msimu mwingine. Mwenyekiti wake angekuja kujionea mwenyewe. Pesa zikikatwa, shamba limekufa, na kiwanja hicho kingezungushiwa mabati ya mtu mwingine kabla hujamaliza kulia.

Bosi wetu tulimwita Mudir, kama watu wa Juba wanavyoita bosi yeyote. Alisomea Kampala, ofisi yake iko mtaa wa Thongpiny, na shambani alikuja akiwa na mgeni tu. Siku moja kabla ya ziara mimi nilikuwa nimepeleka mtoto chanjo. Mudir akapiga simu akatafutiwa watu wa kibarua kutoka mtaa wa Sherikat, akawaambia wafanye mahali pawe safi.

Sasa hapa kwetu mkubwa akija, kitu cha kwanza si chakula wala hotuba. Ni nyasi. Nyasi ndefu karibu na nyumba ni nyoka, ni mwizi, ni mwanamke mvivu. Hata mimi kukiwa na maombi nyumbani nashika fyekeo kabla sijaosha sufuria. Ukimwambia mtu wa Juba "mgeni anakuja, safisha," huhitaji kumaliza sentensi.

Nilifika kesho yake asubuhi mtoto akiwa mgongoni. Shamba halikuwepo. Kulikuwa na udongo, visiki vifupi, na hema jeupe katikati, na viti vya plastiki, na kochi moja limefunikwa kitambaa cha maua. Nepia zote, za maji na zisizo za maji, za kijani na zilizoanza kukauka, zilikuwa zimetupwa lundo moja karibu na choo. Mti wa mwarobaini walikuwa wameuacha. Na kopo la maua ya plastiki walilikuta kwenye kibanda chetu cha vifaa, wakalitoa nje, wakaliweka mlangoni pa hema.

Mmoja wa vibarua, Mganda mtu mzima, alikuwa anafuta fyekeo lake. Nikamuuliza nani amemtuma.

"Mama, mimi nakata ile bosi nasema kata."

"Alikuambia ukate mimea?"

Akageuka akatafuta mimea. Akaangalia kweli, masikini, mpaka kwenye kopo la maua ya plastiki. "Mimea iko wapi? Hapa ilikuwa nyasi tu. Nyoka mbili tumeua."

Huyo sikumkasirikia. Angejuaje?

Mudir alishuka kwenye gari akiwa na viatu vinang'aa. Nilingoja uso umshuke. Haukumshuka. Alizunguka hema, akasimama mbele ya lundo, akavuta pumzi kidogo kama mtu anayenusa mchuzi, halafu akasema, "Tutasema tumevuna."

"Hatujapima, Mudir. Na zimechanganyika. Hakuna anayejua ipi ni ya upande gani."

"Wewe iko na kelele sana. Nani atauliza?"

Ndipo akaamuru lundo lichomwe, eti linaharibu sura. Nyasi mbichi haziwaki vizuri. Zilitoa moshi mzito wa manjano ukakaa juu ya hema asubuhi nzima. Na pembeni, mbuzi wa mgeni alikuwa anachomwa. Kwa makaa. Gunia zima la makaa, hapohapo kwenye shamba tuliloanzisha ili watu waachane nayo. Mtoto wangu alikohoa mpaka akatapika kwenye shingo yangu.

Mheshimiwa, yule mwenyekiti wa kamati, alifika saa za kula. Alikaa kwenye kochi, akala, akaomba kijiti cha meno. Mudir akahutubia kuhusu mavuno. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba mahali ni kwes, pazuri, kwamba mara ya kwanza alipopita hapa aliona pori akaona aibu. Kisha akaniona nimesimama na mtoto, akataka mama wa shamba aseme neno.

Nikasema. Kwamba mavuno hayapo, yanaungua pale nyuma ya choo. Kwamba tulikuwa tumebakiza kidogo kupata jibu, na jibu limefyekwa ili gari lake lipate pa kusimama.

Mheshimiwa akacheka, na hema lote likacheka baada yake, hata waliokuwa hawajasikia. "Binti yangu," akasema, "gesh ni gesh, nyasi ni nyasi. Si itaota tena?" Akajifuta vidole, akatangaza kwamba kamati itatoa pesa za msimu mwingine. Watu wakapiga makofi. Mudir alinitazama kama mtu aliyenishinda karata.

Kwa hiyo pesa tulipata. Nilichokuwa naombea kila siku kilikuja, na kilinuka moshi wa mbuzi.

Mvua zilipoanza visiki vikachipua. Mheshimiwa hakukosea hapo, nepia haifi kirahisi. Nikagawa upya pande mbili, nikaweka mawe kati yake. Zilipofika kiunoni, Mudir akapiga simu kutoka Thongpiny. Akasema Mheshimiwa alipapenda. Anaweza kuleta wageni wengine wakati wowote. "Usiache zirefuke sana. Kata kidogokidogo, ziwe kama bustani."

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Shamba lina fyekeo moja. Jioni hiyo nililifunga kwenye kitenge pamoja na mkebe wa makaa, nikaenda nalo nyumbani. Liko nyuma ya mlango, chini ya mkoba wa mama mkwe wangu. Mudir akilitaka, aje alichukue mwenyewe. Nepia sasa zimenipita kichwa.