Miguu ya Mama Mkwe

Mke wangu alipokufa aliniachia vitu viwili: chupa ya mafuta na mama yake.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu, hapa Tabora mjini, baada ya mumewe kufariki na miguu yake mwenyewe kuligomea shamba la tumbaku kule Usoke. Kisukari kilikuwa kimeshaharibu mishipa ya fahamu. Hospitali walitueleza hivyo, wakampa vidonge, navyo vikasaidia kidogo tu. Jua likizama nyayo zilianza kuwaka, mara moto, mara sindano, na mama yule aliyezoea kubeba mizigo ya tumbaku kichwani alilia kwa sauti.

Kilichomtuliza ni mikono ya binti yake. Mafuta tuliyachukua kwa jirani yetu, bibi mmoja wa Kiarabu aliyechemsha mafuta ya ufuta na karafuu, habbasoda na tangawizi mpaka uchochoro mzima ukanukia pilau. Mke wangu aliitia chupa kwenye maji ya moto, akajimiminia kiganjani, akasugua kuanzia vidoleni hadi gotini. Mimi nilikuwa uani. Nilisikia kilio kikipungua, halafu Kinyamwezi kinaanza, halafu vicheko, na nilijua fika anayesengenywa ni mimi.

Uani ndipo palikuwa mahali pangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hampeani mkono, hamli pamoja, mkikutana njiani unampisha. Shikamoo unaitoa kwa mbali, macho chini. Kumshika mguu? Thubutu!

Basi tukazika. Ndugu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mama mkwe alibaki, maana nyumba ya Usoke ilikuwa na popo tu. Kwa muda yule bibi jirani alikuja jioni kumsugua, mpaka watoto wake wakamchukua Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka alinielekeza namna ya kuchemsha. Mara ya kwanza niliunguza tangawizi, nikatoa kitu cheusi kinachonuka tairi lililoungua. Ya pili ikakubali.

Nikawa naweka chupa mlangoni pake, nakohoa, narudi nyuma.

"Mama, mafuta hayo."

"Asante, baba."

Alijisugua mwenyewe, lakini mgongo wake ulikuwa haupindi. Mikono iliishia magotini, na moto ulikuwa kwenye nyayo. Nilikaa uani namsikia analia, nikaongeza sauti ya redio. Nilikuwa na hasira, tena si kidogo. Hivi hao waliopanga mambo ya ukwe, walidhani mabinti hawafi? Na mke wangu naye, alikuwa na haraka ya nini?

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikasimama nje ya mlango nikasema, "Mama, niruhusu nikusugue mimi."

Kisha akajibu taratibu, "Baba, nikikutana na binti yangu huko aliko, nitamweleza nini?"

"Mwambie nilichoka kukusikia ukilia!"

Nilifoka, nakiri. Baada ya hapo shikamoo zangu aliziitikia akiwa ndani, mlango umefungwa.

Halafu kilio kikaanza kupungua. Jioni moja kikaja kidogo, nyingine hakikuja kabisa. Nilifurahi jamani! Nilikuwa nimeanza kutia nta ya nyuki ya Sikonge ili mafuta yashike ngozi, basi nikaamini ndiyo iliyofanya kazi. Kazini niliwatambia wenzangu kwamba mganga wao amepatikana. Nilikula vizuri. Redio nikaipunguza.

Katika utulivu huo ndipo akaniita mwenyewe.

"Baba, njoo."

Nilimkuta kwenye kigoda, kageukia ukuta, kanga kajifunika mpaka usoni. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa nyuma yake kidogo, juu ya mkeka.

"Nimewaza sana," alisema. "Aliyekuwa akinishika hayupo, uliyebaki ni wewe. Ila usinitazame."

"Sikutazami, mama."

Nikapiga magoti. Niliyapasha mafuta, nikayajaribu mkononi kwangu kwanza. Mguu ulikuwa wa baridi, kisigino kimepasuka. Katikati ya unyayo palikuwa na kidonda, na mwiba bado umo ndani. Hakuwahi kuutaja. Nilidhani ameona haya.

Nilisugua nikikwepa kidonda, vidole, kisigino, kifundo, kama nilivyokuwa nasikia mke wangu akielekezwa. Machozi yalinitoka, nikashukuru kwamba naye hanitazami. Hakuguna, hakushtuka. Nikajisemea moyoni, heshima hiyo, mwache.

Nilirudi tena chini, nikaukumbatia unyayo kwa viganja vyote viwili, nikaukandamiza kwa nguvu.

Sauti ikatoka ndani ya kanga, ya upole, ya kunitia moyo.

"Anza basi, baba. Usiogope."