Nilimwambia Mama Baharini Hakuna Mtandao

Nilimdanganya mama yangu mzazi. Naanza na hilo usije ukanihurumia bure.

Mimi ni binti wa Hasamba, Mbozi. Nilibahatika kuchaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja ndani ya meli, wanafunzi wa nchi mbalimbali, madarasa humo humo, bandari hii hadi ile. Kijiji kizima kilinisindikiza! Mama alikuwa anapanda kichuguu nyuma ya kahawa zake, ndiko simu inakoshika, ananipigia kila siku, na mara nyingi ananikuta mezani na wenzangu.

"Haloo! Umekula? Hujatapika leo?" Anapaza sauti utadhani ananiita ng'ambo ya mto, Kinyiha na Kiswahili vimechanganyika. Wenzangu wakawa wanamwigiza. Nami, mjinga mimi, nikacheka nao.

Zilipobaki siku kumi safari iishe, nikamwambia: "Mama, sasa tunaingia katikati ya bahari. Huku mtandao hakuna. Tutaongea nikishuka."

"Haya mwanangu, Mungu akutangulie." Hakuuliza hata swali moja.

Uongo mtupu! Meli ilikuwa na mtandao hadi chooni. Nilitaka tu kula raha zangu za mwisho bila kero. Kero! Ndivyo nilivyomwita mama moyoni.

Basi zikaja sherehe za kuagana, kusainiana fulana, kucheza muziki juu ya meli. Kila kitu natupia status. Dada yangu nikamfungia kabisa, ndugu wengine nikawaficha, hata kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeuza vitenge Tunduma. Lakini watu wa Tunduma si mnawajua, mtu ana laini mbili, ya huku na ya Zambia. Nilificha ya huku. Ya Zambia nikaisahau.

Siku moja kabla ya kutia nanga, ile ya Zambia ikapiga. Nikajua nimeumbuka! Nikawahi kujitetea: "Kaka, mtandao ndiyo kwanza umerudi, yaani sasa hivi tu..."

"Mama amefariki asubuhi," akasema.

Nilifika nyumbani nikakuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Dada hakunikumbatia. Alinivuta jikoni akanieleza yote kwa sauti kavu. Mama alishikwa na homa ya mapafu siku chache baada ya simu yetu ile. Walipotaka kunitafuta akawakataza, "Msihangaike, huko hakuna mtandao." Kaka akaja kumwona. Kwa nia njema kabisa akamwonyesha simu yake: "Mama mdogo, si huyu hapa? Ameweka sasa hivi."

Nilikuwa nimevaa kofia ya nahodha, meno yote nje. Dada anasema mama aliitazama ile picha muda mrefu.

"Kapendeza," akasema.

Kaka akataka kunipigia papo hapo. Mama akamshika mkono. "Usimpigie. Amesema hakuna mtandao, basi hakuna."

Na kila jirani aliyekuja kumjulia hali akauliza mbona mwanao hapigi, alimjibu hivyo hivyo, hadi sauti ilipomkauka.

Jamani! Kinamama wa jumuiya walinizunguka pale msibani: "Pole mwanetu. Na huko majini simu haishiki, mama yako alitueleza."

Nikaitikia, "Ndiyo, haishiki."

Niliitikia hivyo dada yangu akiwa amekaa pembeni yangu! Akanyanyuka, akatoka nje. Hadi leo hatuna maneno zaidi ya salamu, na simlaumu.

Nimekwenda kaburini mara nyingi kuomba msamaha. Narudi nilivyokwenda. Nani wa kunijibu? Kichuguu kiko pale pale, hata njia aliyoikanyaga mama kupanda bado inaonekana, siwezi hata kupita karibu.

Wewe unayesoma hapa, mama akipiga, pokea, wenzako wacheke mpaka wachoke. Na ukimdanganya usidhani atakuumbua. Atakusitiri mpaka anaingia kaburini, halafu watu watakuja kukupa pole kwa uongo wako mwenyewe, nawe utawaitikia.