Ugonjwa wa Muda Mfupi

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema ili tusije tukasumbuana. Kwa hiyo nilipofika kwenye kile kijisanduku cha mwisho cha maombi ya chuo, kinachouliza kwa upole kama kuna jambo lolote ungependa kulieleza kuhusu matokeo yako ya shahada ya kwanza, nilicheka kwa sauti peke yangu ofisini. Jambo lilikuwepo. Tena lilikuwa refu kuliko kisanduku chao.

Nilikuwa naomba kwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya biashara. Kazi nilikuwa nayo nzuri tu, msimamizi wa mauzo kwenye duka la pampu za maji na zana za kilimo hapa Arusha mjini, duka la familia ya Kihindi ambayo imekuwa hapa tangu enzi za babu zao. Bosi wangu, mzee mpole anayekunywa chai kutwa nzima, ndiye aliyenichokoza. Aliona nilivyowatafuta wakulima wa Kisongo mmoja mmoja hadi wakawa wateja wetu, akaniambia kwamba pale dukani nimeshafika mwisho, niende nikasome, nikirudi nimwajiri yeye. Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa ameshaanza kuulizia vyuo.

Mtihani wao wa kuingilia niliufanya, nikaufaulu vizuri. Kikwazo kilikuwa GPA. Yangu ilikuwa ya daraja la pili la chini, na hata hilo nililipata kwa kuponea chupuchupu. Mama mmoja wa ofisi ya udahili aliniandikia barua pepe bila kuzunguka. Alisema wanaweza kuyafumbia macho matokeo hayo kama kulikuwa na sababu nzito, na kama mtu anayeheshimika, asiye ndugu yangu, ataithibitisha kwa maandishi.

Sababu ilikuwa baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na mkulima wa kahawa na ndizi huko kwetu juu, mlimani Meru. Kola ya shati lake aliipiga pasi mwenyewe, hakumwamini mtu. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma, akaanza kupotea. Kwanza alisahau majina ya watu, tukacheka naye. Halafu akaanza kusikia watu wakimsema nyuma ya nyumba. Akamwambia mama kwamba anamwekea sumu kwenye chakula. Asubuhi moja alichukua panga akakata mibuni aliyoipanda kwa mikono yake, mstari mzima, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzuri kabisa.

Mama akanipigia simu, neno lenyewe lilikuwa moja tu: njoo. Kaka zangu mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar, kila mmoja na sababu zake, na sababu za wanaume huwa hazikosekani. Mimi ndiye kitinda mimba. Halafu likatokea lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Baba alikubali chakula kutoka mkononi mwangu tu. Nikiondoka, anakaa na njaa hadi nirudi.

Basi nikawa mtu wa Dodoma na Meru, Meru na Dodoma. Wenzangu wakiwa kwenye majaribio, mimi namwogesha baba. Nikirudi chuoni nakuta mtihani umepita, na majibu ya wahadhiri unayajua. Nilikuwa mtu wa sapu kila muhula, yaani mitihani ya marudio, na mara mbili nusura nidisko, nifukuzwe kabisa. Sikumwambia mtu kwa nini. Pale chuoni walinijua kama yule msichana wa Arusha asiyeonekana darasani.

Nisiseme ulikuwa mzigo mtupu, nitakuwa mwongo. Kuna kipindi baba alidhani mimi ni mama yake. Aliniomba ruhusa ya kwenda kucheza mtoni, nikimkatalia ananuna kweli, mzee mzima na mvi zake. Nilimpenda kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yangu. Mpaka leo nikisikia mtoto anaomba ruhusa ya kwenda kucheza, nasimama kidogo.

Wageni wakija, mama aliwapokea barazani akawaambia mzee amelala, presha imempanda. Wakati huohuo mzee anasikika migombani akigombana na watu ambao hawapo. Wageni waliitikia kwa heshima, wakamwombea apone presha. Hivyo ndivyo tunavyoishi kule kwetu. Kila mtu anajua, na kila mtu anakusaidia kutojua.

Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho. Sasa, kwetu Walutheri wa Meru, mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa. Wazee wa ukoo hukaa, huandika alizaliwa wapi, akabatizwa lini, kipaimara, ndoa, kazi, watoto, na mwisho kabisa ugonjwa. Hapo kwenye ugonjwa pana adabu yake. Msemaji wa ukoo alisimama chini ya turubai akasoma kwamba marehemu alianza kusumbuliwa na presha, akaugua kwa muda mfupi, kisha Bwana akamwita. Muda mfupi! Nilimtazama mama, alikuwa ameinamisha kichwa. Waombolezaji wakaguna kwa huruma, na nusu yao walishawahi kunisaidia kumrudisha baba nyumbani kutoka barabarani.

Siku ile sikukasirika. Nilishukuru. Walikuwa wamemfunika mzee wetu vizuri, akaingia kaburini akiwa mwalimu na mzee wa kanisa. Sikuwaza kwamba miaka ile yangu nayo inafukiwa hapohapo.

Niliandika maelezo ya kisanduku kwa ukweli wote, kisha Jumamosi nikapanda nyumbani kutoka Moshono, ninakopanga. Mama nilimkuta barazani anachambua kahawa kwenye ungo. Nilimsalimia, nikakaa, nikamwambia ninachohitaji: vyeti vya baba vya hospitali, na ruhusa yake ili mchungaji aniandikie barua. Kuhusu vyeti alinijibu upesi. Alivichoma pamoja na godoro siku tulipomaliza matanga. Kuhusu barua alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Unataka kumfukua baba yako?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa upole, na upole kwangu ni kazi ya jasho. Hao ni wazungu, wako mbali, hakuna anayetujua, watasoma na kuweka pembeni. Mama akasema maandishi yakishaandikwa hayana mwenyewe. Akanikumbusha kwamba binti wa kaka yangu anachumbiwa, na ukoo wa kijana bado wanatuulizia. Hilo nalijua. Posa ikija, watu hutumwa kimyakimya kuuliza kama kwenye ukoo huo kuna wizi, kuna uchawi, kuna kichaa. Wakisikia lipo mojawapo, wanarudi nyuma kwa adabu na hawakwambii kwa nini. Mama alisema barua yenye muhuri wa usharika itapita kwa karani, karani ana mke, na mke ana dada zake.

"Na mimi je, mama?" nikasema. Sauti ilipanda, sikuweza kuizuia.

"Wewe una akili. Utapata njia nyingine." Akaendelea kuchambua.

Niliondoka nimefura, hata chai sikunywa, jambo ambalo nyumbani kwetu ni tusi. Nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji bila ruhusa ya mtu.

Mchungaji ni yuleyule aliyemzika baba. Alikuja kumwombea mara nyingi, na siku moja baba alimtemea mate usoni, akajifuta na kitambaa, akaendelea na sala. Kwa hiyo kuhusu ugonjwa hakukuwa na cha kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yamejaa huruma ya kweli, kisha akasema, "Binti yangu, mimi nilisimama pale kaburini. Kanisa lilisikia kilichosomwa, na mimi nikakiombea." Akasema akiandika vingine leo atakuwa amekiri kwamba alilidanganya kanisa mbele ya marehemu. Akajitolea, tena kwa moyo mweupe, kuniandikia barua yenye muhuri kwamba baba yangu aliugua presha kwa muda mfupi. Nikamshukuru, nikatoka haraka kabla ulimi wangu haujaniponza. Muda mfupi ungenisaidia nini? Mtu hafeli miaka miwili kwa ugonjwa wa muda mfupi.

Ningeweza kuyatuma maelezo yangu hivyohivyo, bila uthibitisho, potelea mbali. Nilikaribia sana. Nilikuwa nimeyaandika vizuri, nimelia nikiyaandika. Lakini nilipoyasoma tena nilimwona baba humo, na panga lake na mwili wake niliouogesha, na wageni kwenye meza ya Uingereza wakimpitisha mkono kwa mkono. Mtu ambaye hakuruhusu hata mke wake amshikie pasi. Nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Nikafuta yote.

Badala yake nikaandika kwamba nilikuwa kijana, nilipenda starehe, sikuyatilia maanani masomo, na kwamba sasa nimekua. Uongo wenyewe haukunichukua hata muda wa kikombe cha chai kupoa. Kumbe kujipaka matope ni rahisi, hakuna anayekudai ushahidi.

Bosi aliomba ayasome kabla sijatuma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu mtu simjui," akasema. "Mimi nisingemwajiri."

Nilimwambia ndivyo itakavyokuwa. Alinitazama, akaona uso wangu, na kwa kuwa amekaa na watu wa mlimani maisha yake yote, hakuuliza zaidi.

Walinifanyia usaili kwa video. Nilikaa ofisini kwa bosi, mlango umefungwa, nje mafundi wanajaribu pampu. Msaili alikuwa mwanaume mchangamfu, na mambo ya biashara tuliyaongea vizuri mno, nikaanza kutumaini. Halafu akauliza, kwa tabasamu, hizo starehe za chuoni zilikuwa zipi hasa. Jamani. Sikuwa nimejiandaa. Dodoma ninayoijua mimi ni stendi ya mabasi na maktaba. Nikaazima maisha ya msichana niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja: muziki, wavulana, safari za Zanzibar na kundi lake. Msaili akacheka. Nami nikacheka. Nilijichukia vibaya sana wakati nacheka, na nilitabasamu mpaka kioo kilipozimika.

Majibu yalikuja siku ya kazi, dukani pamejaa wateja. Waliandika kwa heshima zote. Walisifu kazi yangu, wakasema hawakuona cha kutosha kuwaridhisha kwamba naweza kuumudu mzigo wa masomo. Niliingia stoo, nikakaa katikati ya mabomba, nikalia hadi pua zikaziba. Mzigo! Mimi ndiye wa kuambiwa siwezi mzigo. Bosi alikuja na chai, akaiweka chini karibu yangu, akatoka na kuurudisha mlango.

Wiki hiyohiyo posa ya binti wa kaka ilikubaliwa. Nilifurahi, nasema kweli, na furaha yenyewe iliniuma. Nikapanda nyumbani kuchangia sherehe na kumpa mama habari zangu, maana simu isingetosha. Alikuwa amepika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Tulikula wawili tu, kaka hawajafika bado. Nikamwambia kwamba chuo kimenikataa kwa sababu ya matokeo yangu ya Dodoma.

Mama aliacha kula. Akanishika mkono, akaniombea hapohapo mezani, sala ndefu, akamwomba Mungu anifungulie mlango mwingine. Nililegea kabisa. Nilifikiri sasa atasema kile kitu, mara moja tu, kwa kuwa tuko wawili na hakuna wa kutusikia. Sikutaka aombe radhi. Nilitaka tu alitaje, kwamba nilikuwepo, kwamba ilikuwa miaka.

Akanifuta machozi na pindo la kanga yake.

"Lakini mwanangu," akasema taratibu, bila hata chembe ya lawama, "kwa nini hukusoma? Baba yako alikuwa mzima, analima mwenyewe, anakulipia ada. Presha ilikuja kumkuta mwishoni kabisa."

Nilimtazama machoni. Nilimtazama kwa muda, nikitafuta ile dalili ndogo, lile jicho tunalopeana tunapowadanganya wageni barazani. Haikuwepo. Mama yangu alikuwa ananiuliza kweli. Wasifu ule alikuwa ameshausikia, ameshausimulia, ameshauamini, naye alikuwa amepona humo. Mzee aliyeomba ruhusa ya kwenda mtoni sasa alikuwa amebaki na mimi peke yangu, hakuna tena duniani mtu mwingine anayemkumbuka.

Mdomo wangu usio na breki ulifunguka, nikawa na maneno yote tayari. Nikaona alivyotulia. Nikaona kwamba siku hizi analala usiku.

"Nilikuwa mzembe, mama," nikasema. "Nisamehe."

Akanivuta kifuani, akanipapasa mgongoni kama ananibembeleza nilale, akasema alishanisamehe siku nyingi.