Kifua cha Babu

Babu alihukumiwa bakora nane kwa kung'oa vigingi vya wapima ardhi shambani kwetu, Temeke. Hakukana. Alivichoma akachemshia mihogo, na sote tulikula.

Baba yake ndiye aliyewaruhusu Wajerumani kusimika bendera uani kwake, akidhani ni ya wageni watakaolala na kuondoka. Hawakuondoka mpaka Waingereza walipowatoa, nao Waingereza wakabaki. Hata hivyo ukoo ulimtawaza babu, ingawa hapakuwa tena na cha kutawala. Iliyobaki ni miiko. Mmoja ni huu: aliyetawazwa halazi kifua kwenye ardhi tupu kabla ya siku ya kuzikwa.

Barazani karani aliuliza umri, kwa kuwa wazee hawachapwi.

"Andika arobaini," alisema jumbe wa Waingereza. Babu alikuwa amebakiwa na meno matatu.

Nilikuwa nimekuja na mkeka. Mie naona haya hata kuamkia watu, lakini niliutandika mbele ya wote. Askari aliupiga teke, kisha akanizaba kofi mpaka sikio likavuma.

"Lala, sultani! Godoro ndilo hilo, Mungu kakutandikia."

Watu wakacheka. Babu hakulala. Askari wawili wakamkunja mikono, mmoja akampiga rungu la goti. Nilisikia mfupa. Ndipo baba akavua kanzu, akalala kifudifudi mchangani.

"Mlazeni juu yangu."

"Nyie watu wa ajabu," alisema askari. "Haya. Bakora haichagui."

Walimwangusha babu mgongoni kwa baba. Ya kwanza ilipasua shuka. Ya tatu ilipasua ngozi. Ya tano ilikosea, ikampata baba shingoni. Askari akasema hiyo haimo, akairudia. Damu ya babu ilitiririka ubavuni kwa baba. Aliyeguna ni baba, mdomo umejaa mchanga.

Kwenye ya saba babu aliteleza. Bega na nusu ya kifua vikagusa chini, kisha akajivuta akarudi juu. Nilikuwa karibu. Niliona.

Tulimkokota nyumbani, mie na baba, mikono yake mabegani mwetu.

"Kimegusa?" aliuliza njiani.

"Hakijagusa, baba," alijibu baba, ambaye uso wake ulikuwa chini muda wote.

Babu akanigeukia. "Na wewe uliyekuwa umesimama?"

Mchanga ulikuwa umemganda kifuani kwa jasho. Nikaufuta kwa kiganja.

"Hakijagusa, babu."