Siku Niliyoanguka Bafuni na Wakwe Wako Njiani

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Khayega, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia nikiwa kanisani inabidi nizibe mdomo nisicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mama ya Shikuku, kijana wa Malava aliyekuja kuwa mume wangu, alikuwa anakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Walisema ni mtu wa usafi, hanywi chai ya nyumba ambayo haijafagiliwa.

Homa ilikuwa imenishika tangu Jumanne. Baba alinipeleka zahanati, wakanidunga kidole wakatafuta malaria, hawakuiona. Daktari akasema ni virusi vya mafua, nipumzike, ninywe maji mengi, nimeze dawa ya kutuliza homa. Kuhusu kuoga hakusema kitu, nami sikuuliza.

Mama yangu alikuwa na msimamo wake. "Mtu wa homa hakoganga. Maji itaingiza baridi kwa mifupa."

Basi nikakaa chini ya blanketi mbili siku nne nzima, nikitoka jasho na kukauka, nikitoka jasho na kukauka. Kufikia Jumamosi hata paka wetu, aliyezoea kulala miguuni pangu, alikuwa amehamia jikoni. Nikajiambia, mama mkwe hanikuti nikinuka beberu.

Mama alipokuwa anamnyonyoa ingokho, yule jogoo wa wageni, nilichukua ndoo ya maji yaliyotoka kisimani asubuhi hiyo, nikanyata hadi bafu letu la mabati nyuma ya nyumba, nikafunga komeo. Kopo la kwanza nilijimwagia kichwani. Mwanangu, pumzi ilikatika! Meno yakaanza kugongana. Nami kwa ukaidi wangu nikaongeza la pili, na la tatu. Kisha bafu likazunguka, macho yakaingia giza, nikaenda chini pamoja na ndoo, kishindo kikasikika mpaka barabarani.

Nilisikia mama akivuta mlango na kupiga mayowe. Nilitaka kuitika lakini nilikuwa natetemeka hata ulimi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilidhani nakufa, tena uchi.

Aliyeniokoa ni senge, dada ya baba yangu, aliyewahi kuwauguza wagonjwa wodini miaka mingi. Alikuja na panga, akang'oa bati moja. Na wakati huo huo wageni walikuwa wameingia uani. Wanaume walisimama mbali, lakini mama mmoja mnene alisikia mayowe akaja mbio, akafungua leso aliyojifunga kiunoni na kunifunika. Goti langu lilikuwa limechubuka, basi. Yule mama, kumbe ndiye mama mkwe mwenyewe, akaniangalia kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, akamgeukia mama yangu.

"Ni huyu ndiye tumekuja kuona?"

"Ni yeye," mama akajibu, machozi yakimtoka.

"Haya. Sasa tumemuona wote!"

Senge ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata. Mimi nilikuwa nalia, kisha nikajikuta nacheka huku natetemeka.

Lakini senge hakuniachilia hivyo tu. Alinikausha, akanivalisha, akaninywesha chai ya moto, akaketi kando yangu. "Maji baridi na homa! Ukitetemeka, mwili unazidi kuchemka, hujui?"

"Nilimwambia asioge," mama akadakia.

"Na wewe pia ulikosea, wifi. Kuoga si mbaya. Mbaya ni vile ameoga."

Mchana, kutetemeka kulipokwisha na dawa ikashika, alinionyesha. Aliyapima maji kwa kiwiko, vuguvugu, si baridi wala ya kuunguza. Akanikalisha kwenye stuli, mlango ukarudishwa bila kufungwa, na mama mkwe akasema yeye ndiye atakayeshika kopo. Tulianza na miguu, taratibu, tukamaliza upesi. Nilipojikausha na kuvaa gauni safi jepesi, nilijiona kama nimezaliwa upya. Nilikunywa mchuzi wa yule jogoo bakuli mbili, na homa ikaniaga baada ya siku mbili. Desemba tulifunga ndoa, na mama mkwe alihadithia wageni wote habari za bafu, kila mmoja.

Kwa hivyo, mwanangu, homa ikikushika kapimwe kwanza, maana huku kwetu malaria haiko mbali. Wakikuambia ni virusi, usiogope maji. Oga, ila kunywa kitu kwanza, na ungoje kama unatetemeka au kichwa kinazunguka; siku hiyo kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha. Keti unapooga, usijifungie, na umwambie mtu akae karibu hata kama unaona haya. Ukimaliza jikaushe mara moja, na usijirundikie blanketi. Na homa ikipita siku tatu, au shingo ikikakamaa, au pumzi ikawa nzito, au ukaanza kupayuka, hiyo si ya kuoga tena. Nenda hospitali.

Mungu akulinde, mwanangu, mwili wako upone upesi kila unapougua, akupe watu wa kukimbilia sauti yako, na uzeeke ukiwa na mengi ya kuchekea.