Hasi Iliyopotea kwenye Duara la Agnetha

Agnetha hanywi soda iliyofunguliwa akiwa amegeuka. Hapandi bodaboda ya mtu ambaye yeye hajui kwao ni wapi. Ametoka Ushirombo, na miaka kumi na moja katika machimbo ya Geita, kwanza akipika wali na maharage, kisha akisimamia duara lake mwenyewe, yaani shimo la dhahabu, lenye wachimbaji wanane, imemfundisha kumhofia anayemchekea sana asubuhi. Wachimbaji humwita Mama Kagua. Hajawahi kulikataa jina hilo.

Kwa hiyo siku ile Sostenes, mpima, alipotoka shimoni na kufungua daftari juu ya gunia la mawe, Agnetha hakukaa. Alisimama nyuma ya bega lake. Jilala, mwenye duara la jirani, alikuwa amelalamika kwamba handaki la Agnetha limevuka mpaka na kuingia kwake. Mchoro wa Sostenes ungepelekwa ofisi ya madini kesho yake. Ukionyesha amevuka, duara lake linafungwa. Na asubuhi hiyo Agnetha alikuwa amemwona Sostenes kwa Jilala, akinywa chai kwa mihogo.

Sostenes alieleza. Bikoni, ile nguzo fupi ya saruji mpakani, ndiyo sifuri. Mashariki, kwa Jilala, ni chanya. Magharibi, kwa Agnetha, ni hasi. Handaki limeishia magharibi ya bikoni moja kwa moja, hasi sita. Ili kupata umbali aliandika hasi sita kwenye mabano, akaipa kipeo cha pili, ikawa thelathini na sita. Akatafuta kipeuo cha pili. Sita.

"Rudia hapo," Agnetha alisema.

"Wapi, mama?"

"Hapo. Nimeingia na hasi, nimetoka bila hasi. Nani kaichukua?"

Jilala, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, akacheka. "Mayu, mama, sasa hata hesabu inakuibia?"

"Wewe nyamaza, mihogo bado iko mdomoni."

"Hasi mara hasi ni chanya," Sostenes alisema. "Shuleni hamkufika hapo?"

"Tulifika. Kipeo na kipeuo nimevichapiwa viboko. Mwalimu alisema kipeuo kinarudisha kilichofanywa na kipeo. Mimi nikienda Bukombe nikarudi, narudi kwangu, sirudi kwa jirani. Nilianza hasi sita, nirudishe hasi sita."

Wachimbaji waliguna kumuunga mkono. Sostenes aling'ata kalamu.

"Haya. Umeokota thelathini na sita njiani. Hukuona ilikotoka. Imezaliwa na sita au na hasi sita?"

Agnetha alipiga hesabu moyoni. Sita mara sita. Hasi sita mara hasi sita. Zote mbili zilifika palepale.

"Siwezi kujua."

"Hata kipeuo hakijui. Ndiyo maana watu wa hesabu walikubaliana kitoe jibu moja, lisilo na hasi. Kinakwambia umbali tu."

Agnetha hakuwa mtu wa kuamini maneno. Aliagiza kamba yenye fundo kila mita, akaifunga kwenye bikoni, akahesabu mafundo sita kuelekea kwake. Kisha akaigeuza kamba ileile kuelekea kwa Jilala, akahesabu tena. Sita. Alisimama pale akiwa ameshika ncha, akielewa bila kufurahi. Hakuna aliyeiba. Hasi ilikuwa imemezwa pale namba ilipozidishwa kwa yenyewe, na kipeuo hakikuwa na namna ya kuitapika.

Shaka ilipaswa kulala hapo. Badala yake iligeuka ubavu.

"Kwa hiyo, sita hiyo haijui kama iko kwangu au kwa Jilala?"

"Haijui."

"Na wewe kwenye mchoro umeiweka wapi?"

Sostenes alikunjua karatasi. Nukta ya mwisho wa handaki ilikuwa mita sita mashariki ya bikoni, ndani kabisa ya eneo la Jilala. Jilala aliacha kucheka, akatazama miguu yake.

"Nilichukua jibu la mwisho nikachora," Sostenes alisema polepole. "Nimekosea, mama."

"Kosa lako linajua kuchagua upande."

Agnetha alimsimamia Sostenes akafuta, akaihamisha nukta magharibi, akaandika kwa maneno: *mita sita, magharibi ya bikoni*. Jilala aliomba kamba, akapima mwenyewe mara mbili, akasaini huku akinung'unika kwa Kisukuma.

Kama lile lilikuwa kosa tu, Agnetha hajui hadi leo. Asubuhi iliyofuata hakumwacha Sostenes aupeleke mchoro peke yake. Alipanda naye gari, karatasi mapajani mwake, na ofisini hakuondoa kidole juu ya ile nukta mpaka muhuri ulipogongwa kandokando ya ukucha wake.