Macho ya Donati

Sauti yenyewe si kubwa. Tup, tup, tup, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Ilitoka chini ya mashine mpya ya kukata donati, siku walipoiwasha mara ya kwanza katika bekari yangu hapa Nateete. Nilikuwa nimesimama nimefunga mikono kifuani, kama mwenye mali anavyosimama. Vijana wangu walikuwa wanapiga makofi. Mkanda ulitembea, donge la unga limelala juu yake kama shuka, na visu vya duara vinashuka na kupanda, na kila vikishuka donati zinazaliwa zikiwa na matundu yao katikati. Lakini kile kipande kinachotolewa katikati ili tundu lipatikane, kilikuwa kinaanguka chini kwenye trei ya bati. Tup. Nikashika ukingo wa meza.

Fundi aliyekuja kuifunga, kijana wa Kikenya mwenye maneno mengi, akadhani nimeshangazwa na ujanja wa mashine. Akaniambia, "Usijali, mama, hivyo vipande havipotei. Nitaweka kifereji hapa, vitakuwa vinarudi vyenyewe kwenye donge."

Nikamwambia ni vizuri. Sikumwambia kwamba vipande hivyo vina jina. Sisi tuliviita macho.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha mapema, na kila kitu mnachokiona hapa, kuanzia tanuri mpaka gari la kusambaza mikate, nimekipata kwa mikono hii, na yeyote asiyeamini aje aniulize. Ninasema hivyo ili mjue kwamba anayeongea nanyi hana tabia ya kulialia. Lakini siku ile, mbele ya wafanyakazi wangu, nilikuwa mtoto wa kambi tena.

Tulikaa katika kambi ya polisi, hapa hapa Kampala, chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya matofali. Wengi wetu tulitoka kaskazini. Waislamu na Wakristo tuliishi ukuta kwa ukuta, Krismasi yetu wakiila wao na Idi yao tukiila sisi, na Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kambini, ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika kichwa. Baba alikuwa fundi katika gereji ya polisi. Mama alikaanga donati, akiuzia kantini ya kambi na vibanda vya nje ya geti.

Mwanzoni mama alikatia kopo na kizibo cha chupa. Kopo linatoa duara, kizibo kinatoa tundu. Ni kazi ya kuinama mpaka kiuno kinagoma. Baba alikuwa anamtazama tu. Kumbe kichwani anapima. Siku moja akarudi na kitu kizito ndani ya gunia. Alikuwa amekata bomba la moshi la lori bovu kuwa pete, kila pete akaitia pete ndogo ndani yake, akazichomelea zote kuzunguka ngoma ya chuma, akaweka mpini huku na huku. Ukilisukuma gurudumu hilo juu ya donge linabingirika, na nyuma yake linaacha donati zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Macho yalibaki yamenasa ndani ya pete ndogo. Mama akifika mwisho wa meza aliligonga gurudumu kwenye ukingo wa bakuli, na macho yakadondoka. Tup, tup, tup. Bakuli lilikuwa la rangi ya buluu, limebanduka ukingoni.

Wake wa askari walikuja kulitazama gurudumu la baba kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Baba alipenda kuwaambia kwamba mke wake ndiye mfanyabiashara pekee Kampala nzima anayeuza matundu. Unga wa katikati anabaki nao, alisema, tundu anamuuzia mteja, na mteja anashukuru.

Macho hayakuuzwa. Yalikuwa ya baba. Mama aliyakaanga mwisho kabisa, mafuta yakiwa yamechoka, yakatoka meusi meusi na magumu kidogo, na baba hakuyataka kwa namna nyingine. Jioni alirudi ananuka dizeli na sabuni ya unga, anakaa kwenye kigoda, anashika chai yake ya rangi, na bakuli linawekwa gotini. Alinirushia jicho moja moja nilidake kwa mdomo. Mama alinung'unika kwamba anamfundisha mtoto wake kama mbwa. Baba alijibu kwamba mbwa hudaka vizuri zaidi. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Asubuhi moja alitumwa kwenda kutengeneza lori lililokwama njiani, nje ya mji. Alichukua mfuko wake wa spana, akaniambia nimlindie macho yake. Hakurudi. Miaka ile watu walikuwa wanapotea, na kuuliza sana habari za aliyepotea ilikuwa njia ya kumfuata. Mama alinishika mkono tukaenda gereji. Koplo mmoja aliyekuwa rafiki ya baba alimchukua nyuma ya rundo la matairi, wakaongea kwa sauti ya chini. Mimi nilisikia neno moja tu, kwa sababu alilirudia. "Usilie hapa, Mama Lamunu. Usilie hapa."

Leo ninajua alichomwambia. Baba alikuwa ameuawa barabarani, na mwili haukuwepo wa kuzika. Lakini mama alitoka nyuma ya matairi na uso uleule alioingia nao, akanifunga vizuri kitambaa cha kichwa, tukarudi nyumbani. Akawasha moto. Akakanda unga.

Lazima niwaeleze kitu kuhusu kambi. Chumba cha kambi ni cha sare, si cha familia. Mwenye sare akifa, mke wake akipiga ukelele wa kwanza tu, majirani wanakuja kila mmoja na mzigo wa kuni za matanga, na kabla majivu ya matanga hayajapoa, afande wa vyumba anakuja kuulizia ufunguo. Sisi kaskazini hatukuwa na nyumba iliyobaki. Mama alikuwa na gurudumu, karai, na wateja wake wa hapa. Akilia, tunalala nje. Kwa hiyo hakulia.

Kila jioni aliligonga gurudumu kwenye bakuli la buluu, akakaanga macho mwisho mafuta yakichoka, akayafunika kwa kitambaa cheupe na kuyaweka dirishani, mahali kila mpita njia anapoona. Kila Jumamosi alifua sare ya baba ambayo haikuwa imevaliwa, akaianika mbele ya mlango, akaipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Aliyeuliza aliambiwa bwana yuko kazini, anakuja usiku, anatoka alfajiri.

Na asubuhi bakuli lilikuwa tupu.

Mimi ningeshuku nini? Baba amekuja, amekula, ameondoka. Na kama nilitaka ushahidi, ushahidi alikuwa Mama Zubeda, jirani yetu, mwanamke wa Kinubi mwenye kifua kikubwa na sauti kubwa zaidi. Kwenye foleni ya maji, wanawake wote wakiwepo, alimshambulia mama bila haya. "Wewe Mama Lamunu, ambia bwana yako apunguze sigara. Usiku yote nakohoa nasikia mimi, kama gari ya gereji. Watoto yangu halali." Mama alijibu kwa ukali kwamba asiyependa kikohozi ahamie Ggaba ziwani akalale na samaki. Wanawake walicheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika kwamba Mama Zubeda, ambaye si ndugu yetu, anamsikia baba yangu, na mimi ninayelala chumba hichohicho simsikii.

Basi ugomvi wangu na mama ukawa mmoja kila siku. Jioni nilimwambia, akija niamshe. Alisema atafanya hivyo. Asubuhi nilikuta bakuli tupu nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Alijibu nilikuwa nimelala vizuri. Siku moja nilimpiga. Nilimpiga kwa ngumi tumboni, mtoto mdogo, nikamwambia yeye ni mchoyo, anamtaka baba peke yake. Mama yangu alikuwa mtu wa kofi la haraka, nyinyi hamumjui. Siku ile alisimama tu na sinia mkononi akangoja nichoke. Nilipochoka aliniambia nikaoge.

Kisha afande wa vyumba akaja. Alikuja mchana, na fimbo yake kwapani. Maneno yalikuwa yamefika kwake, nadhani, maana kambi haina ukuta wa kuzuia maneno. Mama alikuwa mezani, donge limetandazwa, gurudumu mikononi. Alimsalimu bila kusimamisha kazi. Afande hakumuuliza mama kitu. Alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, akaniuliza.

"Baba yako iko wapi, mtoto?"

Nilikuwa nimesubiri muda mrefu mtu aniulize. Nikamwambia, "Alikuja usiku. Amekula macho yote." Na nikakimbia dirishani nikamletea bakuli aone.

Alilishika lile bakuli. Alitazama ndani, akatazama nje sare iliyoanikwa, akamtazama mama. Mama alikuwa anasukuma gurudumu. Lilifika mwisho wa meza. Na badala ya kuligonga, alilirudisha. Alilisukuma tena, taratibu, juu ya donge ambalo tayari limekatwa, akafika mwanzo wa meza, akalirudisha tena. Pete zikapita juu ya duara zilizokwisha kukatwa, donati zikakatika vipande vya mwezi na kucha na vitambaa, donge lote likawa takataka, na yeye anaendelea, macho yake ukutani, mikono inakwenda na kurudi. Mama yangu, aliyekuwa ananichapa kwa kuchezea punje ya unga.

Afande alisimama. Aliweka bakuli juu ya meza, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka. "Akija tena," alimwambia mama, "mwambie namsalimu."

Akaenda. Hakurudi kuulizia ufunguo. Alijua au hakujua, siwezi kumsemea. Mimi nilimwambia mama kwamba ameharibu donati. Alisema unga ulikuwa mbaya. Alikusanya vile vipande vyote, akavikanda upya, akaanza mwanzo.

Tulikaa kambini mpaka mama alipopata chumba cha kupanga hapa Nateete, na wateja wa hapa sokoni. Tulihama kwa miguu yetu, hakuna aliyetufukuza, na mjue hilo ndilo ninalojivunia kuliko mashine yoyote. Mama alibeba gurudumu, mimi nilibeba bakuli. Niliuliza baba atajuaje tulipo. Aliongeza mwendo. Tulipoingia alifunga mlango, akatazama kuta zile ambazo hazikuwa za mtu yeyote mwenye sare, akakaa chini sakafuni, akafungua mdomo.

Sijasikia tena sauti kama ile. Nilidhani amechomwa na kitu. Nilidhani analilia kambi, foleni ya maji, wanawake wenzake. Hapo sokoni hakuna aliyetujua, watu walipita dirishani wanatazama na kwenda zao. Sijui alilia kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba mlango ulisukumwa, na Mama Zubeda akaingia anatoka jasho, na kichwani amebeba mzigo wa kuni. Ametembea nao kutoka kambini mpaka Nateete, mahali ambapo kuni zinauzwa kila kona. Zilikuwa kavu sana, zimekaa muda mrefu. Alizitua katikati ya chumba, akakaa karibu na mama, akamshika kichwa akakilaza kifuani pake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa lia," alisema. "Sasa lia, dada."

Ndipo nikajua kwamba baba hakuwa anakuja. Mengine yalinichukua miaka. Mama akiwa ameshakufa, nilikutana na mtoto mmoja wa Mama Zubeda, mzee mwenzangu sasa, tukanywa chai. Akanieleza kwa kicheko kwamba wakati wa utoto wao walikuwa wanaamshwa alfajiri ili wale macho ya donati haraka haraka, meusi, magumu, na mama yao anasimama mlangoni anahakikisha hakuna anayebakiza hata moja, na kwamba walikatazwa kabisa kututajia. Nilicheka naye. Nililipa chai, nikaaga vizuri.

Nimemzika mama, nimezika mume, sikuvunja kitu. Lakini yale mapito ya pili ya gurudumu bado ninayaona. Niliyaita makosa ya kazi nusu ya maisha yangu. Ndicho kilio pekee alichoweza kukitoa mbele ya afande, na mimi mwanawe nilisimama pale nikimlaumu kwa donati.

Fundi wa Kikenya alipomaliza kuifunga mashine aliniita niione mwendo wake. Alijisifu kwamba hii haiwezi kukosea, kwa sababu mkanda unakwenda mbele tu, hata ukitaka huwezi kuirudisha ikakata mahali palepale mara mbili. Nikamwambia ni mashine nzuri. Nikamtuma kijana alete bakuli, aliweke chini pale macho yanapodondoka, na kile kifereji nikamwambia fundi akiache kwanza. Halafu nikatoka nje nikakaa juu ya magunia ya unga, mahali ambapo ninaisikia lakini siioni.